Baseball-Reference kwa kipimo cha Nolan Ryan: inafaa kusomea kazi ya misimu 27?

Ukitaka kujua kama tovuti ya takwimu ni nzuri, usiijaribu kwa mchezaji wa misimu mitatu. Huyo atatosha kwenye skrini moja, na kila tovuti itaonekana hodari. Ijaribu kwa Nolan Ryan. Mrushaji huyu aliingia ligi kuu ya besiboli ya Marekani Septemba 1966 akiwa na New York Mets, akatoka Septemba 1993 akiwa na Texas Rangers, na katikati alipitia California Angels na Houston Astros. Ana straikauti 5,714 na mechi saba bila hiti, pamoja na rekodi kadhaa ambazo hakuna mrushaji angependa kuandikiwa. Kazi ya namna hiyo inafichua upesi pale Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli, inapomsaidia msomaji, pale inapomwacha njiani, na pale inapoweza kumpotosha asiyejua kusoma safu zake.

Hukumu yetu ni kwamba kwa kazi ndefu hakuna chombo cha bure kinachoizidi. Ila ina sharti moja: uisome kwa mpangilio tofauti na ule ambao jedwali limewekwa. Anayeanza kushoto kwenda kulia, kama tulivyozoea kusoma, ataondoka na picha isiyo sahihi ya Ryan.

Kwa asiye mwenyeji wa besiboli, misamiati michache inatosha. Mpigaji akipatikana na straiki tatu, yaani mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha, anatolewa, na hiyo ndiyo straikauti, safu ya SO. Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la straiki, mpigaji anatembea bure hadi beisi ya kwanza, safu ya BB. Hiti, safu ya H, ni mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji salama kwenye beisi. Timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe, ndipo zamu yake katika kipindi hicho inakwisha, na mechi ya kawaida ina vipindi tisa. ERA ni wastani wa rani, yaani pointi, ambazo mrushaji anabebeshwa kwa kila vipindi tisa, bila kuhesabu zile zilizosababishwa na makosa ya walinzi.

Kuufikia ukurasa wake

Kisanduku cha kutafutia kinafanya kazi vizuri, lakini ukiujua utaratibu wa anwani hukihitaji. Kila mchezaji ana kitambulisho kinachoundwa na herufi tano za mwanzo za jina la ukoo, mbili za jina la kwanza, kisha namba mbili. Jina la ukoo likiwa fupi, zinachukuliwa herufi zilizopo. Ryan basi ni ryanno01. Namba ya mwisho inatenganisha watu wanaofanana kwa herufi hizo, kwa hiyo ukiandika 01 ukaangukia kwa mtu mwingine, jaribu 02.

Juu kabisa kuna wasifu mfupi: alizaliwa 31 Januari 1947 huko Refugio, Texas, na akachaguliwa na Mets katika raundi ya 12 ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1965. Raundi ya 12! Ukienda chini kwenye orodha ya uhamisho utakuta pia tarehe 10 Desemba 1971, siku ambayo Mets walimtoa pamoja na wachezaji wengine watatu ili wampate Jim Fregosi wa Angels. Orodha hiyo imeandikwa kikavu kama leja ya ghala, lakini ndiyo ufunguo wa kuelewa jedwali kuu, kwa sababu Ryan wa kabla ya tarehe hiyo na wa baada yake wanasomeka kama watu wawili.

Jedwali kuu

Jedwali la msingi lina mstari mmoja kwa kila msimu. Ukihesabu kuanzia 1966 hadi 1993 unapata miaka 28, lakini misimu ni 27. Tofauti inatoka mwaka 1967, ambapo hakurusha hata mpira mmoja katika ligi kuu. Lizoee jambo hili mapema, maana anayehesabu miaka yote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho ili apate urefu wa kazi atakosea kwa wachezaji wengi wa enzi zile.

Uandishi wa namba nao una maana. Namba yenye herufi nzito inasema aliongoza ligi yake mwaka huo, na iliyo nzito na ya mlazo inasema aliongoza ligi zote mbili zinazounda ligi kuu, yaani Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani. Pitisha jicho kwenye safu ya SO ukitafuta herufi nzito tu: zipo mara 11. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye BB: mara nane. Kabla hujasoma namba yoyote umeshaona kwamba mtu huyuhuyu alikuwa hatari kuliko wote na asiyedhibiti mpira kuliko wote, na mara nyingi katika msimu mmoja. Angalia tena ziko wapi. Za BB zinakoma mwaka 1982. Za SO zinarudi 1987, 1988, 1989 na 1990, akiwa na umri wa miaka 40 hadi 43. Tovuti nyingi zinakupa namba zilezile bila alama hizi, na hapo msomaji hana njia ya kujua kama 270 ni nyingi au chache kwa mwaka wake.

Sasa mtego wa kwanza, ambao unawanasa hata watu wazoefu wa lahajedwali. Safu ya IP, yaani vipindi alivyorusha, inatumia nukta kwa maana isiyo ya kawaida. 332.2 ya mwaka 1974 ni 332 na theluthi mbili, wala si 332 na sehemu mbili za kumi. Tarakimu baada ya nukta ni idadi ya waliotolewa katika kipindi kisichokamilika, kwa hiyo inaweza kuwa 0, 1 au 2 pekee. Kila jedwali lina menyu ya kulipakua katika muundo wa CSV au wa Excel. Ukishapakua, ukajumlisha 1974 na 1976, yaani 332.2 na 284.1, programu itakupa 616.3, namba ambayo katika besiboli haipo. Jibu sahihi ni 617 kamili. Dawa yake ni kutenga namba nzima, kuchukua tarakimu iliyo baada ya nukta, kuigawa kwa 3, kisha kuirudisha. Fanya hivyo kabla ya hesabu nyingine yoyote, la sivyo kosa linaingia kimyakimya kwenye ERA na kwenye kila kiwango kinachogawanywa kwa vipindi.

Ukishasafisha IP, anza na BB, si na ushindi. Gawa BB kwa IP, zidisha kwa 9. Mwaka 1971, wa mwisho na Mets, alitembeza wapigaji 116 katika vipindi 152, ambayo ni 6.9 kwa kila mechi nzima. Kwa kiwango hicho timu yoyote ingepoteza subira, na Mets walipoteza. Mwaka 1977 na Angels bado ni 204 katika vipindi 299, yaani 6.1. Kisha ruka hadi Texas: 98 katika vipindi 239 na theluthi mwaka 1989, yaani 3.7, na 72 katika vipindi 173 mwaka 1991, takribani ileile. Kazi yake yote imo katika mteremko huo. Watu husema Ryan alidumu kwa sababu ya mkono usiochoka. Jedwali linaongeza kwamba alidumu pia kwa kuacha kugawa beisi za bure.

Namna alivyofika hapo haimo katika tovuti, wala hatuilaumu kwa hilo. Huko Angels, kocha wa warushaji Tom Morgan na mdakaji Jeff Torborg walimfunza kupunguza haraka katika mwendo wake wa kurusha ili mwili usiutangulie mkono. Hukohuko ndiko alikoanza mazoezi ya vyuma, wakati ambapo wengi waliamini vyuma vinaharibu mkono wa mrushaji. Ukurasa utakuonyesha tu kwamba BB zilikuwa 116 na SO 137 mwaka 1971, na kwamba mwaka uliofuata SO zikawa 329.

Straikauti, na kwa nini usiishie kwenye SO9

Safu ya SO9 inahesabu straikauti kwa kila vipindi tisa. Ya kazi nzima ni 9.5. Weka kidole kwenye mistari miwili: 1973, straikauti 383 katika vipindi 326, na 1991, straikauti 203 katika vipindi 173. Zote mbili zinatoa 10.6. Kuna miaka 18 katikati, na mtu ana miaka 26 upande mmoja na 44 upande wa pili.

Lakini SO9 ina udhaifu unaomhusu hasa mrushaji wa aina hii. Inagawanya kwa vipindi, na mrushaji anayetembeza watu wengi anakutana na wapigaji wengi zaidi kabla ya kipindi kuisha, hivyo anapata nafasi nyingi zaidi za straikauti. Linganisha WHIP, yaani hiti na waliotembezwa kwa kila kipindi. Mwaka 1973 ilikuwa 1.227, na mwaka 1991 ilikuwa 1.006. Kwa maneno mengine, Ryan wa miaka 44 alipata kiwango kilekile kwa kukutana na wapigaji wachache zaidi kila kipindi, na kwa kila mpigaji aliyesimama mbele yake alikuwa mkali zaidi. Kwa hiyo tumia asilimia: gawa SO kwa BF, safu ya wapigaji aliokutana nao. Kwa kazi nzima ni 5,714 kwa 22,575, sawa na asilimia 25.3. Waliotembezwa ni 2,795, asilimia 12.4.

Zile 383 za mwaka 1973 bado ndizo nyingi zaidi kwa msimu mmoja tangu mwaka 1900, moja juu ya 382 za Sandy Koufax mwaka 1965. Jedwali linaziweka bega kwa bega kana kwamba zina uzito mmoja. Hazina. Koufax alicheza Ligi ya Taifa, ambako warushaji walipiga wenyewe, na mrushaji akishika gongo ni windo rahisi. Ligi ya Marekani ilianza kutumia mpigaji mteule badala ya mrushaji mwaka huohuo wa 1973, kwa hiyo Ryan hakupata windo hilo. Hakuna safu inayokwambia hivyo. Lazima uje nalo kichwani.

Kwenye orodha za wakati wote, bofya kichwa cha SO kisha cha BB, uangalie umbali kati ya wa kwanza na wa pili. Kwa straikauti wa pili ni Randy Johnson mwenye 4,875, pengo la 839. Kwa waliotembezwa wa pili ni Steve Carlton mwenye 1,833, pengo la 962. Rekodi yake mbaya iko salama kuliko ile nzuri.

Angalizo dogo kuhusu orodha hizi: namba za zamani hubadilika watafiti wanapokagua kumbukumbu upya. Ryan alipompita Walter Johnson, aliyekuwa akishikilia rekodi ya straikauti, tarehe 27 Aprili 1983 huko Montreal, alama iliyokuwa ikifukuzwa ilikuwa 3,508, ilhali leo ukurasa wa Johnson unaonyesha 3,509. Usishangae gazeti la wakati ule likikataa kulingana na tovuti.

Safu za W na L ndizo za mwisho kusomwa

Karibu na mwanzo wa jedwali ziko W na L, mechi alizopewa ushindi na alizopewa kushindwa. Kwa Ryan ni 324 na 292. Msomaji mgeni akiona hivyo atasema: mtu wa kawaida tu. Ushindi 324 ni sawasawa na wa Don Sutton, lakini Sutton alishindwa mara 256. Je, Sutton alikuwa bora?

Nenda mwaka 1987 upate jibu. Ryan ana ushindi 8 na kushindwa 16. Kulia kwake kuna ERA ya 2.76, nzito, bora kuliko zote katika Ligi ya Taifa. Kuna SO 270, nzito pia. Mrushaji aliyeizuia timu pinzani kuliko mwingine yeyote katika ligi yake alipoteza mara mbili ya alizoshinda, kwa sababu W inahitaji wenzako wafunge rani ukiwa bado uwanjani, na Astros hawakumfungia. Huo ndio msimu tunaopendekeza kila anayejifunza tovuti hii aanze nao. Ukiuelewa mstari wa 1987, hutadanganywa tena na W na L.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Zile 292 si za bahati mbaya tupu. Soma ERA+, ambayo inalinganisha ERA na wastani wa ligi na kurekebisha kwa uwanja. 100 ni wastani, na Ryan ana 112 kwa kazi nzima. Angalia kosa la kawaida hapa: 112 haimaanishi alitoa rani pungufu kwa asilimia 12. Hesabu ni ERA ya ligi iliyogawanywa kwa yake, kwa hiyo ni 100 kwa 112, takribani asilimia 11 chini ya wastani. Nzuri, na kwa vipindi 5,386 ni nzuri sana, lakini haimweki kileleni. Marekebisho ya uwanja yanamuuma kwa haki: kwa misimu tisa nyumbani kwake kulikuwa Astrodome, uwanja uliowapendelea warushaji. ERA yake ya 1.69 mwaka 1981, msimu uliokatwa na mgomo, isomwe ukikumbuka hilo. Katika kazi hiyo yote hakuwahi kupata tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, na ukurasa wa tuzo utakuonyesha pengo hilo bila kupepesa macho.

WAR mbili, mtu mmoja

Hapa ndipo Baseball-Reference inapogombana na FanGraphs, tovuti nyingine ya takwimu, na Ryan ni mfano mzuri wa ugomvi huo kwa sababu pengo lake ni kubwa. WAR inakadiria mchezaji aliiongezea timu ushindi mangapi kuliko mbadala wa kiwango cha chini. FanGraphs inampa zaidi ya 100. Baseball-Reference inampa zaidi kidogo ya 80. Hakuna iliyokosea hesabu. Kila moja inapima kitu chake.

FanGraphs inajenga WAR ya mrushaji juu ya FIP, ambayo inaangalia homurani (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja), waliotembezwa, waliogongwa na mpira, na straikauti tu. Unaweza kuikokotoa mwenyewe kutoka jedwali la msingi: zidisha homurani kwa 13, ongeza jumla ya waliotembezwa na waliogongwa mara 3, toa straikauti mara 2, gawa kwa vipindi, kisha ongeza kiasi kinachobadilika kila mwaka ili wastani wa ligi ulingane na ERA yake. Kwa Ryan: homurani 321, waliotembezwa 2,795, waliogongwa 158, straikauti 5,714. Kabla ya kile kiasi cha mwaka unapata 0.30 hivi, na kwa kazi nzima FIP yake ni 2.97, chini ya ERA yake ya 3.19.

Baseball-Reference inaanza na rani zote zilizoingia, kisha inarekebisha kwa ubora wa walinzi na uwanja. Zote, pamoja na zile ambazo ERA inazisamehe. Ryan aliingiziwa rani 2,178, na zilizohesabika kwenye ERA ni 1,911. Kuna 267 zilizobaki nje. Ukiziweka zote, wastani wake kwa vipindi tisa unapanda kutoka 3.19 hadi 3.64. Tena, mrushaji anayewajaza watu kwenye beisi akiwa na mwendo mrefu wa kurusha anaibiwa beisi, na akirusha mpira usiodakika wakimbiaji wanasogea. Safu ya WP inaonyesha mipira 277 ya namna hiyo. FIP haioni hata mmoja. Kwa mrushaji wa aina nyingine tofauti hizi ni za kitaaluma tu, lakini kwa Ryan ndizo mjadala wenyewe, nasi tunaona Baseball-Reference iko karibu zaidi na kilichotokea uwanjani.

Mechi moja moja

Kutoka ukurasa mkuu, menyu ya kumbukumbu za mechi inakupeleka kwenye msimu unaoutaka, mechi kwa mechi. Data hii inategemea kazi ya Retrosheet, kikundi cha watu wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1989 kukusanya karatasi za mechi za zamani. Bofya kichwa cha safu yoyote ili kupanga. Ukitaka jumla ya kipande cha msimu, bofya mechi ya kwanza kisha ya mwisho.

Mechi saba bila hiti hazina safu yake katika jedwali la msingi. Zitafute hivi: fungua 1973, panga kwa H, utaziona mbili zenye sifuri, 15 Mei dhidi ya Kansas City na 15 Julai dhidi ya Detroit. Rudia kwa 1974, 1975, 1981, 1990 na 1991. Hakikisha IP ni angalau 9, maana sifuri ya hiti kwa mrushaji aliyetoka mapema haina maana hiyo. Ya saba, 1 Mei 1991 dhidi ya Toronto, ina straikauti 16. Anwani za kurasa za mechi nazo zina kanuni: kifupi cha timu ya nyumbani, mwaka, mwezi, siku, na tarakimu ya mwisho ambayo ni 0 kama siku hiyo kulikuwa na mechi moja, 1 au 2 kama zilikuwa mbili. Kwa hiyo ile ni TEX199105010. Tahadhari na Angels: wakati wa Ryan kifupi chao kilikuwa CAL, na ukitumia cha leo hutafika.

Udhaifu mkubwa ni huu: hesabu ya mirusho ipo kwa uhakika tangu 1988 tu. Misimu sita ya mwisho ya Ryan inayo, na yote ya Angels haina. Chukua mechi ya 14 Juni 1974 dhidi ya Boston. Ukurasa unaonyesha vipindi 13, straikauti 19, waliotembezwa 10. Namba ya mirusho inayotajwa siku zote, 235, hutaikuta hapo. Hivyo swali ambalo kila mtu anataka kuuliza kuhusu mkono huu, kwamba ulibeba mirusho mingapi, tovuti haiwezi kulijibu kwa kipindi chake kizito kuliko vyote. Kasi nayo haipo. Ile maili 100.9 kwa saa aliyopimwa mwaka 1974 haina safu, kwani vipimo vya kasi kwa kila mrusho vilianza muda mrefu baada yake.

Maswali yanayokata misimu mingi kwa mpigo, mfano mechi ngapi alipata straikauti 10 au zaidi, yamewekwa Stathead, huduma ya kulipia ya kampuni hiyohiyo. Jibu la swali hilo ni 215. Bila kulipa unaweza kulipata kwa kupakua kumbukumbu za misimu yote 27 na kuhesabu. Ni kazi ya jioni moja, haina ugumu. Kwa mtu wa swali moja kwa mwezi hatuoni sababu ya kulipa. Kwa anayeandika kila wiki, Stathead inarudisha thamani yake haraka.

Kwenye simu majedwali ni mapana na inabidi kuyasogeza pembeni. Geuza simu ilale. Matangazo yapo kwa asiyelipa. Lugha ni Kiingereza peke yake, ingawa ukishazijua safu kumi hivi hilo halikuzuii.

Fungua mwisho kabisa kumbukumbu za 1993, mstari wa 22 Septemba, ugenini Seattle. Safu ya IP inasema 0.0. Hakumtoa mpigaji hata mmoja, na homurani ya Dann Howitt beisi zikiwa zimejaa imo humo. Kano ya kiwiko chake ilikatika usiku huo akiwa anarusha, miaka 27 baada ya mrusho wa kwanza. Jedwali limeandika sifuri, na chini yake hakuna mstari mwingine.